Damu ya Mama, Vipimo Viwili

Miaka ile tulikaa Chiayi, mji wa Taiwan, nyuma ya soko. Kila alfajiri Mama alisaga soya na kuchemsha maziwa ya kuuza. Hadi leo ninamwona amesimama kwenye mvuke, akitaniana na wateja.

Magoti yalimsumbua. Akanunua vidonge vyeusi vya mitishamba kwa mchuuzi wa pale hekaluni. Maumivu yakaisha. Lakini baada ya miezi kadhaa uso wake ukavimba, ukawa mviringo, na mikono ikakonda.

Daktari alipima kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa zaidi tunapokuwa na msongo. Ilikuwa juu sana. Akahofia uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo. Akataja upasuaji. Siku hiyo Mama alianza kunifundisha kusaga soya, kama mtu anayeaga.

Jirani yetu, Kuei-chen, alifanya kazi maabara. Alipokuja kununua maziwa, Mama alimsimulia.

"Dada, kuna dawa unatumia?"

"Dawa wapi. Vidonge vya mitishamba tu, vya magoti."

"Daktari ulimwambia?"

"Mitishamba nayo ya kumwambia daktari?"

Kuei-chen akaweka bakuli chini. "Sikiliza. Kipimo chako kilitumia kingamwili zinazonasa kortisoli. Zipo dawa zinazofanana nayo, basi nazo hunaswa, zikahesabiwa kuwa kortisoli. Kama wewe unavyoniita kwa jina la pacha wangu."

"Si mnafanana nyie."

"Ndiyo hivyo. Kuna kipimo kingine. Hicho hutenganisha kemikali, kisha hutambua kila moja kwa uzito wake. Mwombe daktari. Vidonge mpelekee avione. Ila usiviache ghafla, utazimia."

Daktari alikubali. Majibu yalipotoka, kortisoli ya Mama mwenyewe ilikuwa kidogo mno. Iliyojaa ni prednisoloni, dawa kali iliyochanganywa kwa siri kwenye vile vidonge. Tezi zake hazikuwa na uvimbe. Zilikuwa zimelala, kwa sababu dawa ilikuwa ikizifanyia kazi.

Hakupasuliwa. Daktari alimpa dawa ya aina hiyohiyo kwa dozi maalumu, akaipunguza polepole kwa miezi minane, mpaka tezi zikaamka. Uso wake wa zamani ukarudi. Magoti akayatibu kwa mazoezi, huku akilalamika.

Aliishi miaka kumi na tisa zaidi. Kila alipokwenda kwa daktari, alimwaga mfuko mzima wa dawa mezani, hata za kikohozi.

"Angalia mwenyewe, mwanangu," alimwambia daktari.

Mimi nilikuwa naona aibu. Sasa nafanya vilevile, na kwa sauti yake.