Siku ya Tatu Nyumbani kwa Dimyana

Kijijini kwetu, ng'ambo ya Mto Naili, wanaume hupanda mlimani alfajiri kukata mawe ya kujengea. Jioni hurudi weupe pe kwa vumbi, hadi kope. Wanis, mtoto wa jirani yangu Dimyana, alikuwa akirudi hivyohivyo na kurukia sahani ya maharage. "Nawa kwanza, we shetani!" mama yake alikuwa akimfokea, nasi majirani tukicheka.

Jumatatu moja hakurudi. Waya wa mashine ya kukatia mawe ulikuwa umechubuka, umeme ukamkamata, akafa palepale. Tulimzika jioni ileile. Alikuwa kijana mdogo, hata ndevu hazijajaa.

Kwetu sisi Wakopti, Wakristo wa Misri, siku ya tatu kasisi huja nyumbani kwa wafiwa kusali na kunyunyiza maji. Watu huiita sala ya kuitoa roho. Jina hilo ndilo lililoleta balaa. Kasisi wetu, Abuna Bisenti, alipofika alimkuta Dimyana ameketi kizingitini, kauzuia mlango.

"Rudi na maji yako, Abuna. Humfukuzi mwanangu!"

"Nani kasema namfukuza?"

"Kila mtu! Roho yake imo humu ndani, na ukishasali itaondoka. Mwili mmeshaninyang'anya. Niachieni hicho kilichobaki."

Wifi yake, Labiba, akadakia, "Ni kweli, Abuna. Ndivyo tulivyolelewa."

"Basi mlilelewa vibaya." Kasisi akaketi chini vumbini, na joho lake jeusi. "Roho haikai nyumbani ikingoja mimi niifungulie mlango. Wanis yuko kwa Mungu tangu Jumatatu. Tunasali leo kwa sababu Kristo alifufuka siku ya tatu. Sala hii ni yako wewe unayelia, binti yangu."

"Kwa hiyo roho iko kwa Mungu, yamekwisha. Ufufuo wenu ndio huo?"

"Siyo huo. Kristo hakurudi kama mzuka. Kaburi lilibaki tupu. Alikula samaki mbele ya wanafunzi wake, akawaonyesha mikono yake yenye makovu. Nasi tunaamini miili yetu itafufuliwa, hii hii, ila haitakufa tena. Mungu hautupi mwili kama ganda."

"Mikono ya Wanis iliungua, Abuna. Niliiosha mwenyewe."

"Mikono hiyohiyo Mungu ataiinua."

"Lini?"

"Sijui."

Dimyana akacheka, kicheko kibaya sana. "Mimi namtaka leo, wewe unaniambia hujui!"

Kasisi hakujitetea. "Lia tu. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia."

Mwishowe Dimyana akasogea, kasisi akaingia, tukasali. Nisikudanganye, uchungu haukupungua. Alilia zaidi ya jana yake. Lakini baadaye alikula kipande cha mkate, cha kwanza tangu mazishi.

Jioni akaja Zakhari, mwenye machimbo. Huyo mtu simpendi, sifichi. Akaketi na wanaume, akanywa kahawa chungu ya msiba, akaguna, "Tusihuzunike mno, jamani. Mwili ni udongo tu. Roho imeshapumzika."

Dimyana alimsikia kutoka chumba cha wanawake. Akainuka, akaingia kwa wanaume, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Udongo tu? Huo udongo ni wa Mungu, naye ataudai! Siku atakapomwinua mwanangu, nawe utakuwa umesimama hapohapo, na mikono yake utaiona. Utamwambia nini?"

Zakhari akainamia kikombe chake.

"Ule waya umeshabadilishwa?"

"Mama Wanis, leo ni msiba..."

"Nakuuliza, umebadilishwa?"

"Bado."

Dimyana akawageukia wanaume, wakataji mawe wote. "Mmemsikia wenyewe. Basi kesho asipande mtu."

Hakupanda mtu. Zakhari alitukana, akabembeleza, akatukana tena. Wiki haijaisha, akamleta fundi umeme kutoka mjini, nyaya zote zikabadilishwa. Tangu hapo umeme haujamuua mtu mlimani kwetu.

Pasaka ilipofika, tulitoka kanisani tukisalimiana kama kawaida yetu. Nikamshika Dimyana mkono, nikamwambia, "Kristo amefufuka."

"Kweli amefufuka," akajibu, meno yameumana. "Wanis bado."