Anayesimama Nyuma ya Kidoti

Mchana kweupe, studio ya picha ya fundi Miwani ilinuka nywele zilizoungua. Alikagua soketi, akapapasa mgongo wa kompyuta, akainama kunusa hata kapeti, asione kilichoungua. Upande wa pili wa pazia mke wake, fundi cherehani, alimuuliza kama siku hizi anachoma kuku huko. Wakacheka. Wangejua, wasingecheka.

Asubuhi ile mteja mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa ameleta flashi yenye picha za ukoo wao. Faili zenyewe zilikuwa za kizamani, kompyuta za leo hazizifungui, naye alitaka zigeuzwe ziwe picha za kawaida. Kwa Miwani hiyo ni kazi ndogo. Alikuwa na programu isiyo na vitufe wala mapambo: unaandika amri kwenye skrini nyeusi, unabonyeza, picha zinageuka. Ila yule mama alitoa sharti. Zigeuzwe peke yake, zisichanganywe na picha za mtu mwingine yeyote. Miwani akamwambia aondoe shaka, kwa ule wepesi wa fundi ambaye akili yake iko kwenye kazi inayofuata.

Sasa ona uvivu wa mafundi. Badala ya kufungua folda mpya, alizimwaga picha za mteja kwenye folda aliyoikuta wazi, na humo ndimo zilimokuwa picha zote za binti yake, tangu uchanga mpaka juzi alipong'oka jino. Tena badala ya kutaja faili moja moja, akaweka alama ya nyota, yaani zote, zigeuke kwa mkupuo. Na kwa amri aliyoitumia, picha mpya hukaa palepale pa ile ya zamani, na ya zamani ndiyo basi tena. Nakala hakuwa nayo. Fundi picha mzima, jamani, hana nakala!

Alipozifungua, za mteja zilikuwa safi kabisa. Za binti yake ndizo zilizomkausha mate. Mtoto huyo walimwita Kidoti kwa sababu ya doa jeusi kidevuni, na sasa katika kila picha yake alisimama nyuma yake mwanamke mrefu, mkono begani kwa mtoto, uso umemwinamia. Alikuwepo hata kwenye ile ya beseni la kuogea, Kidoti akiwa bado hajaota meno. Miwani akajiambia faili zimeingiliana tu, akazigeuza upya. Mtoto akazidi kufifia, mwanamke akazidi kuonekana. Akaacha.

Kisha mambo yakahamia nyumbani. Mwalimu alipiga simu kuuliza mbona Kidoti haji shule, na Kidoti alikuwa amekaa dawati la mbele. Mama yake akaanza kupakua chakula cha watu wawili, akikumbushwa anashtuka, anaomba radhi, kesho anarudia. Doa la kidevuni likapauka. Na siku moja, jua likiwa bado kali, Miwani alimkuta mke wake amesimama mlangoni kamshika mtoto mkono, anatazama barabara juu na chini, anawauliza wapita njia, mmemwona binti yangu, mdogo hivi, ana kidoti hapa, huku Kidoti mwenyewe akilia na kumvuta sketi, na yeye hasikii, anaendelea kuuliza, na ile harufu ya nywele zilizoungua imewazunguka wote watatu.

Miwani akamwita yule mteja. Alikuja, akatazama skrini mara moja tu, akageuza uso.

"Huyo ni wa kwetu, tangu enzi za bibi," alinong'ona. "Chakula chake ni mtu kukumbukwa na watu wake. Sisi tuko ukoo mzima, anatuonja kidogo kidogo, tumeshazoea. Mtoto mmoja hamuwezi."

"Basi mchukue."

"Jana, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mama yangu ameniita kwa jina langu. Nimelia mpaka nimechoka. Usiniombe hilo, baba."

Akamwambia tu kwamba huyo kiumbe huhama jinsi alivyohamishwa: picha kwa picha, folda moja, amri ileile. Akatoka bila kuaga.

Kompyuta ilikuwa imejaa picha za pasipoti za watoto wa watu, na nisikufiche, Miwani alizifungua. Alizitazama sana. Wote walikuwa na mama zao. Akazifunga, akaanza kutafuta picha yake mwenyewe, asipate. Miaka yote yeye ndiye aliyeshika kamera.

Akamwita mke wake, akampa kamera, akakaa kwenye stuli ya wateja. Mke akamtania: leo amependeza nini mpaka anataka picha? Akamsogelea, akamnyooshea miwani iliyokaa upande.

"Nitazame vizuri kwanza," Miwani alisema. "Ndiyo upige."

Mke aliporudi kwenye cherehani, Miwani aliiweka picha ile katikati ya picha za Kidoti, akaandika amri, akaweka nyota, akabonyeza, na nyuma yake ile stuli ikalia taratibu kama mtu ananyanyuka, harufu ikamjia puani nzito mpaka machozi yakamtoka, kitu kikamwekea uzito begani, baridi, vidole virefu, naye hakugeuka, aliendelea kukodolea skrini ambako binti yake alikuwa anarudi picha baada ya picha, doa jeusi kidevuni, pengo la jino, peke yake.

"Kidoti! Kidoti mwanangu!"

Miwani akalifunua pazia. Mke wake alikuwa amepiga magoti sakafuni, kamkumbatia mtoto, anambusu kidevu, analia na kucheka. Miwani naye akalia. Hajawahi kufurahi vile tangu azaliwe.

Mke akainua macho. Akajifuta machozi kwa haraka, akasimama, akanyoosha nguo yake.

"Samahani kaka, sijakuona ukiingia," alisema kwa adabu. "Kaa hapo kwenye stuli, mwenye studio atakuja sasa hivi."

Kidoti alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, kama anavyofanya akiona wageni.