Siti ya Nyuma

Jioni ile Mama Uzi alikuwa anakwenda kuchukua siti ya pikipiki, na moyoni alikuwa na furaha ambayo asingeikiri mbele ya mtu. Siti yenyewe ilikuwa ya nyuma, ya abiria. Yake.

Mumewe, Mzee Meno, alikuwa amestaafu kazi ya kutengeneza meno ya bandia. Wenzake wakistaafu hufuga kuku. Yeye alirudi nyumbani na pikipiki. Ilikuwa mpya kabisa, injini ya kisasa na vikorombwezo vyake vyote, ila sura ilikuwa ya zamani: taa ya duara, tangi lililotuna, bomba la moshi linalong'aa kama sufuria isiyowahi kuinjikwa. Mama Uzi alicheka hadi akashika mbavu, akamwuliza kama daktari aliyempima macho alimpima na akili.

Kicheko kilimwisha taratibu, kwa sababu mzee hakuridhika na pikipiki ilivyotoka dukani. Kila wiki alibadilisha kitu. Aling'oa usukani akaweka mpana zaidi. Akatupa vioo vya pembe, akahangaika mji mzima kutafuta vya mviringo. Akapaka tangi rangi ya maziwa, kisha akalipitishia mstari mwekundu kwa brashi ileile aliyokuwa akipakia ufizi wa meno ya watu. Akiwa uani alikisemesha chombo kile kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuonja. Yeye, mshona nguo, aliitwa fundi. Fundi, chai iko wapi. Fundi, shati langu limefumuka.

Mstari mwekundu ulipokauka, Mama Uzi akaelewa. Pikipiki ile aliijua. Ilikuwa kwenye picha iliyosimama juu ya kabati la sebuleni: Mzee Meno akiwa kijana, na nyuma yake mke wake wa kwanza, gauni la kijani, amekaa upande, anacheka.

Kifo cha mke yule kilijulikana na kila mtu. Walikuwa wanarudi nyumbani jioni. Mzee alifika, akazima injini, akageuka amsaidie kushuka. Hakuwepo. Walimkuta kwenye kona, kando ya barabara. Tangu siku hiyo mzee hakupanda pikipiki tena hadi alipostaafu, na hata baada ya kuoa upya alipomtaja marehemu alisema "mwenzangu", kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Mama Uzi alimwonea wivu, na hakuona aibu sana. Mwanamke aliye hai utamchungulia, utamsema, utangoja azeeke. Aliyekufa hazeeki. Kilichomliwaza ni ahadi moja tu: mzee alisema siti ya nyuma ikikamilika, abiria wa kwanza ni yeye.

Ndiyo maana alikwenda mwenyewe kuichukua.

Karakana ya fundi siti ilinuka gundi na reksini, ile ngozi ya bandia. Siti ilikuwa mezani, ndefu, nyeusi, ina mkanda wa kushikilia katikati. Mama Uzi aliipapasa akaona mahali pa abiria pamebonyea, tena upande mmoja.

"Umekataje sponji na hujanipima?" akauliza, fundi kumtania fundi mwenzake.

Yule bwana alimtazama nyonga, akaitazama siti, akaonekana kujuta kwa nini hakufunga karakana mapema. Akaeleza kwamba yeye hakati kwa kukisia. Mpandaji huja mwenyewe, hukalia trei ya unga wa mbao uliolowanishwa, na sponji hukatwa kufuata alama anayoiacha. Mke wa mzee alikuja juzi, giza likiingia.

"Mke wake yupi?"

"Mama... mimi nakata sponji tu."

Alimbana mpaka akasema. Mwembamba. Amejifunika ushungi, sura hakuiona. Ananuka kafuri. Alikaa upande, miguu yote kushoto, na alipoinuka ule unga wa mbao ulikuwa baridi kiasi cha kutia vidole ganzi.

"Alisema chochote?"

Fundi siti alishusha sauti.

"Alitaka mkanda uwe imara. Alisema mumewe ana kawaida ya kufika nyumbani peke yake."

Akacheka kidogo, kwamba ni utani wa wanandoa. Alicheka mwenyewe.

Mama Uzi hakusikia la kafuri wala la baridi. Alisikia neno mke. Njia nzima, siti kwapani, aliwapitia wanawake wembamba wote wa mtaani, mmoja mmoja, akawatia hatiani. Alipofika, mzee alikuwa uani anafuta rimu na kupiga mluzi. Hakumsalimu. Aliingia chumba chake cha kushonea, akafunga mlango, akaitandaza siti chini ya taa.

Mshonaji hahitaji kuona uso. Alilaza futi yake ya kitambaa kwenye bonde lile, akasoma. Akarudia, polepole.

Vipimo hivyo alivijua.

Alipoolewa alikuta sanduku la nguo za marehemu, na mzee akamsihi lisitupwe. Siku moja wivu ulimpanda akatoa gauni la kijani, akalifumua, akalitanua vidole viwili kila upande, akalivaa na kuketi nalo mezani. Mzee alimtazama mara moja tu, akaacha chakula chake. Gauni likarudi sandukuni. Lakini mikono ya mshonaji haisahau nyonga iliyowahi kuipima.

Sanduku lilikuwa hapo hapo chumbani, chini ya marobota ya vitambaa.

Alilivuta. Akafungua komeo. Harufu ya kafuri ikamjaa puani...

Gauni la kijani lilikuwa juu kabisa, limekunjwa vizuri kama alivyoliacha. Akaligeuza nyuma.

Sehemu ya kukalia ilikuwa imejaa unga wa mbao. Bado mbichi.

Mtu mwingine angepiga kelele, au angekimbilia uani kumwambia mumewe. Mama Uzi naye aliogopa. Ila wivu uliiwahi hofu. Kwa hiyo hata siti? Picha anayo, sanduku analo, jina zuri analo, na hata siti ya nyuma aje aichukue? Alishika kisu cha kufumulia, akakata nyuzi za reksini zote. Akatoa sponji, akaweka jipya, akalikalia yeye mwenyewe, miguu huku na huku, akachora kwa chaki. Alikata. Alishona upya, mshono juu ya mshono, na wakati wote akiongea na mtu asiyemwona.

"Hapa ni pangu," alinong'ona. "Umenisikia? Pangu."

Kifuniko cha sanduku, alichokuwa amekiacha wazi, kilishuka chenyewe taratibu kikajifunga.

Kesho yake jioni mzee aliifunga siti kwa bolti zake, akaipitishia kiganja, asigundue kitu. Mama Uzi alikuwa amevaa suruali. Alipanda akatanua miguu huku na huku, akashika mkanda. Mzee akawasha. Bila kugeuka, akauliza.

"Mwenzangu, umeshika?"

Hakuwahi kumwita hivyo. Furaha ilimjaa, na kabla hajafungua mdomo...

"Nimeshika."

Sauti ilitokea nyuma ya sikio lake. Na nyuma yake hapakuwa na mahali pa kukaa. Siti iliishia mgongoni kwake, kilichobaki ni taa ya breki.

Wakaondoka. Upepo ulikuwa wa joto lakini mgongo wake ulipoa. Harufu ya kafuri haikuachwa nyuma, iliendelea nao. Walipokaribia ile kona alisikia mikono miwili myembamba ikimzunguka kiuno. Haikumsukuma. Ilimbana tu, ikabana tena, kama mshonaji anayepunguza nguo ikiwa mwilini. Mama Uzi aliung'ang'ania mkanda mpaka kucha zikauma. Alijua angeweza kupiga kelele mzee asimame. Alijua pia kwamba akisimama, akigeuka, huenda asitamke tena lile neno.

Akanyamaza.

Nyumbani mzee alizima injini. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Akageuka polepole, kama mtu anayeogopa kuangalia, na machozi yakamshuka hadi kidevuni.

"Umefika," alisema. "Mwenzangu, umefika."

Mama Uzi alitazama chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa upande wa kushoto. Hakukumbuka kuihamisha.

Hapo ndipo angesema: ni mimi, fundi wako. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Lakini maisha yake yote hapo nyumbani alikuwa hajatazamwa hivyo, na uso ule wa mzee ulimlewesha.

"Nimefika," akasema.

Aliposhuka, suruali ilimteleza kiunoni. Akaishika kwa mkono.

Tangu hapo mashine yake ya kushonea haipumziki. Anapunguza nguo zake, vidole viwili kila upande, na baada ya siku chache anapunguza tena. Majirani wanamwuliza anakula nini siku hizi. Gauni la kijani amelirudisha kwenye mshono wake wa kwanza. Limemkaa. Picha ya kabatini haitazami tena, maana mara ya mwisho alishindwa kujua anamwonea wivu nani.

Jua likizama, mzee hupiga honi uani. Mama Uzi huketi upande, hushika mkanda, hutega sikio. Swali ni lilelile kila jioni.

"Mwenzangu, umeshika?"

Naye huitikia haraka, karibu kwa kupayuka, ili yule wa nyuma yake asimtangulie.