Mwanga Unaovuka Barabara

Kila siku nilipotoka shule nilipitia karakana ya Mama kabla ya kwenda nyumbani. Mama ni fundi wa kuchomelea vyuma: anatengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda. Nilivua sare, nikavaa gauni kuukuu, nikachukua brashi ya waya na kusugua maungio ya vyuma yaliyokwisha kupoa. Baada ya hapo nilikaa kwenye stuli na kufanya kazi za shule.

Mama alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata siku moja. Kabla ya kuanza kuchomelea alipaza sauti: "Macho!" Mimi niligeukia ukuta. Msaidizi wake, kijana mrefu tuliyemwita Spana, aligeuka pia. Ndipo Mama aliposhusha ngao ya uso yenye kioo cheusi, na mwanga mweupe ukalipuka.

Kazi yote hiyo aliifanya nje, ukingoni mwa barabara, kwa makusudi. "Mwanga wangu ndio tangazo langu," alisema. "Mtu akiona cheche anajua fundi yupo."

Watu waliona kweli. Wanafunzi waliokuwa wakirudi makwao walisimama kutazama, na wa kwanza daima alikuwa rafiki yangu Kasuku, ambaye hakupewa jina hilo bure, kwani alikuwa akiongea hata mdomo ukiwa umejaa chakula. Kasuku na wenzake wanne walianzisha mashindano: nani atautazama mwanga ule muda mrefu zaidi bila kupepesa macho.

Jumanne moja Kasuku aliingia darasani macho yamevimba na kuwa mekundu.

"Usiku kucha nimehisi kama nimemwagiwa mchanga," alisema.

Mwalimu wa darasa alimtazama, akarudi nyuma hatua mbili. "Ugonjwa huo unaambukiza. Nenda nyumbani, usirudi mpaka upone."

Kufikia Jumatano, wengine wanne walikuwa wamerudishwa makwao. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba mtihani wa muhula utaanza Jumatatu inayofuata, na mwenye macho mekundu hataingia katika chumba cha mtihani.

Jioni hiyo nilimpelekea Kasuku madaftari. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yao, iliyo ng'ambo ya barabara, akitazama karakana yetu. Mdogo wake alicheza kando yake, macho meupe kabisa.

"Huyu mnalala naye kitanda kimoja?" nikauliza.

"Kitanda kimoja, taulo moja. Usimwambie mwalimu."

Hapo nilishtuka. Kama ugonjwa ulikuwa wa kuambukiza, mbona haukumpata aliyekuwa karibu naye kuliko wote? Alhamisi nilizunguka kwa wale wanne. Jibu lilikuwa lile lile: ndugu zao wote walikuwa wazima. Maumivu yalianza usiku, na kila mmoja alikuwa ametazama mwanga wa Mama mchana wa siku hiyo hiyo. Niliyaandika haya nyuma ya daftari la hesabu, nikakaa nayo. Nikisema, lawama itamwangukia Mama. Nikinyamaza, Kasuku atakosa mtihani.

Nilimwonyesha Mama daftari alipokuwa akinawa mikono. Alisoma mara mbili.

"Barabara si yangu," alisema. "Ninawauzia watu geti imara, ninamlipa Spana kwa wakati, ninalipa kodi. Anayepita njiani ana macho yake, ayaangalie mwenyewe. Nikianza kuchunga kila mtoto wa mtaa, nitatengeneza geti saa ngapi?"

"Mama, kwa nini unaita 'Macho'?"

"Ili Spana asiungue."

"Na Kasuku je?"

"Kasuku si mfanyakazi wangu!"

Spana alikohoa. "Bosi, samahani. Mimi macho yangu ni mawili tu, kama ya huyo mtoto. Sijaongezewa la tatu kwa kuwa unanilipa."

Mama hakucheka. Alijifuta mikono polepole, akafunga karakana mapema, akavuka barabara na kubisha kwa kina Kasuku.

Jioni hiyo hiyo tulimpeleka Kasuku kliniki, na tabibu aliyakagua macho yake kwa tochi ndogo. "Huu si ugonjwa wa kuambukiza," alisema. "Sehemu ya nje ya jicho imeungua kwa mwanga mkali. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana hakuna aliyejua chanzo. Akiacha kuutazama, siku mbili zitatosha. Akiendelea, atajiharibia macho." Aliwaandikia barua walimu, kisha akamgeukia Mama. "Fundi ni wewe?"

"Ni mimi," Mama alisema.

Ijumaa na Jumamosi hakuchomelea kitu cha mteja yeyote. Yeye na Spana waliunda fremu tatu, wakazipigilia mabati na kuzisimamisha kati ya kazi na barabara. Mwanga haukupita tena. Jumatatu Kasuku na wenzake waliingia katika chumba cha mtihani macho yakiwa safi.

Lakini Mama alikuwa amesema kweli kuhusu tangazo. Wiki ile hakuingia mteja mpya hata mmoja.

"Bosi, tumejificha," Spana alilalamika. "Watu wanadhani tumehama. Tuondoe walau bati moja."

"Hatuondoi," Mama alijibu. "Geti hilo ulilomaliza kupaka rangi, lisimamishe pale mbele."

Mtu wa kwanza kusimama mbele ya geti lile hakuwa mteja. Alikuwa Kasuku.

"Fundi, sasa sisi tutaona nini?" aliuliza. "Mimi nataka kujifunza kazi hii."

Mama aliingia ndani. Alitoka na kioo cheusi cha akiba cha ngao yake, akakata tundu kwenye bati, usawa wa uso wa mtoto, na kukifunga hapo. Kasuku aliinama na kuchungulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa kimya dakika nzima. Siku ya tatu mama mmoja aliyekuja kumwita mtoto wake pale tunduni naye alichungulia, kisha akauliza bei ya grili.

Jioni nilimuuliza Mama kama angeyaacha mabati yale yasimame pale hata kama wateja wasingerudi.

"Ningeyaacha," alisema. "Nilidhani nikishamkabidhi mteja geti lake, sidaiwi kitu na mtu. Lakini kazi yangu inatoa mwanga, na mwanga huo unavuka barabara bila kuniomba ruhusa. Faida ninaitaka, mwanangu, ndiyo inayotulisha. Ila popote kazi yangu inapofika, nami natakiwa kufika, nione imemfanya nini aliye pale. Ukija kuwa na biashara yako, anza kwa kuangalia ng'ambo."