Jina Lililotajwa Chumba cha Panya

Chupa ya mafuta ya kula ilianza kupungua na hakuna aliyekaanga. Costancia aliitia alama kwa mkaa, akafunga kabati, akaenda kuchota maji. Aliporudi, mafuta yalikuwa chini ya alama vidole viwili, na jikoni kulinuka kama nyama iliyoangukia makaa. Jiko lilikuwa baridi.

Kazi yake ilikuwa kufagia chumba cha panya, kwenye kituo kimoja cha utafiti nje ya mji wa Kilosa. Panya wale walilishwa mpaka wakawa kama viazi, kisha wakachomwa dawa ya maabara, vipande vya protini vinavyouamrisha mwili uchome mafuta yake. Walikonda huku wanakula.

"Ya panya tu hiyo, Mama Brightness," Daktari Urbanus alimwambia. "Kwa binadamu bado miaka."

Miaka! Na Brightness anaolewa Mikumi mwezi wa nane, na mashangazi wa bwana harusi wameshamcheka kwamba atapasua tairi la bodaboda! Mama alificha vichupa vitatu vya dawa ile kwenye sidiria. Na kwa kuwa alilelewa milimani, ambako huchimbi mzizi wa dawa kabla ya kuutajia jina la mgonjwa, alisimama mbele ya friji akanong'ona: "Nakuchukua kwa ajili ya Brightness, mwanangu." Mzizi una mwenyewe. Mwenye friji ni nani, hakujiuliza.

Nyumbani akamchoma Brightness pajani. Wiki mbili binti alipendeza. Ya tatu, gauni likawa linamwanguka, na ndipo mafuta ya jikoni yalipoanza kupungua. Hospitali mama alikiri yote. Wakampima, wakasema dawa imeshatoka mwilini. Ila alizidi kukonda, na mchana kweupe ulisikia meno madogo, mengi, yakitafuna taratibu chini ya shuka, na ukiifunua huoni kitu, ila mguu umepungua tena na harufu ile ya mafuta yanayoungua imekujaa puani.

Mzee Mwinshehe, mganga wa Kidodi, alifukiza ubani. Kinywa cha Brightness kikafunguka, sauti si yake.

"Niliitwa kwa jina."

"Nakupa jina lingine," mama akasema. "Costancia. Mwache mtoto, nile mimi."

Jini likacheka. "Wewe mfupa mtupu. Nitafune nini?"

Mganga akamvuta Costancia mlangoni. "Linasema kweli," akanong'ona. "Nona, mama. Nona upesi."

Basi akala. Akala kitimoto ya nguruwe na chipsi mayai na maandazi yanayochuruzika, akala amekaa kitandani kwa mwanawe, akatapika akarudia, machozi yakidondokea sahani, huku meno yale yakitafuna upande wa pili wa shuka, nayo hayana haraka.

"Mama, umependeza," Brightness alimwambia siku moja.

"Usiongee, mwanangu. Ngoja nimalize."

Alipofikisha kilo kumi na moja za kuongeza, walimzika Brightness. Jeneza lilibebwa na vijana wawili, wala hawakupokezana.

Msibani Costancia aliwasikia wanawake nyuma yake.

"Mtoto anayeyuka, mama ananenepa. Hamwoni?"

"Kamla mwenyewe. Wala hafichi."

Hakugeuka. Walipoondoka, alijilaza kitanda cha binti yake, akajifunua mapaja manene, akalitaja jina lake mwenyewe kwa sauti mara tatu. Akasubiri mpaka jua likazama. Hakuna kilichokuja.