Mstari Nilioufuta

Jioni moja mwaka huu wa 1987 nilikwenda ofisi ya mradi wetu wa kilimo, mtaa wa Bagara, kuchapa orodha ya mbegu kwenye kompyuta. Kazi ya nusu saa. Jenereta la mradi lilikuwa na dizeli ya saa moja tu, na dizeli mwaka huu ni adimu kuliko sukari.

Kompyuta ile aliitumia mume wangu, Melkiadi. Tulikuwa tumemzika kijijini Sigino wiki tatu kabla. Malaria. Nilizunguka mji mzima sikupata kwinini, na mpaka leo nina hasira.

Ndani nikakuta programu yake ya mwisho, aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Alinifundisha kuisoma: main, pale programu inapoanzia, inajiita yenyewe. Kila mwito huanzisha nakala mpya; inayoita haiondoki, inasubiri iliyoitwa irudi.

"Usisahau mstari wa kuacha, Mama Skolastika," alizoea kusema. "Bila huo hakuna itakayorudi."

Mstari wake ulisema: acha baada ya mara tano.

Nikaiendesha.

MAMA SKOLASTIKA, NAKUJA, kioo kikaandika. Nje, hatua moja kwenye kokoto.

Maneno yaleyale tena. Hatua ya pili... Harufu ya koti lake lililolowa mvua.

Ya tano. Pumzi nyuma ya mlango.

"Nimefika."

Ilikuwa sauti yake! Nikakimbilia kitasa, lakini hatua zilikwisha kuanza kurudi. Tano, nne, tatu... kimya.

Nililia. Wewe ungefanyaje? Nikaufuta mstari wa kuacha, nikaendesha tena.

Hatua zikaja. Hazikukoma. Kumi. Hamsini. Miguu ikarundikana nje.

"Melki, ingia!"

"Siwezi," alinong'ona. "Nimeita mwingine. Namsubiri arudi."

"Na mimi nasubiri," ikanong'ona sauti yake ileile, mbali kidogo.

"Na mimi..."

Kumbukumbu ya mashine ikajaa, kioo kikaganda. Jenereta likazimika.

Hakuna hatua iliyorudi.

Mkuu wa mradi alisema mashine ni mbovu tu. Huenda. Lakini sasa giza likiingia, nyumbani kwetu mtaa wa Maisaka akina Melki wanajipanga kutoka mlangoni hadi barabarani, wote wamevaa koti lilelile. Nimeuandika upya ule mstari kwenye karatasi, nikawasomea kwa sauti. Hawasikii.

Jana binti yetu, Skolastika, alichungulia dirishani. Ana miaka sita.

"Mama, baba wa mwisho kule analia. Kwa nini asirudi akalale?"

Nikamziba macho kwa kiganja. Nilishindwa kumwambia kwamba ni mimi niliyemnyima njia ya kurudi, nilipoufuta ule mstari.