Kitambaa Kilichohama Hatua Tano

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Siafu alishika ufagio akafagia uwanja. Kuuita uwanja ni kuupa heshima tu. Kilikuwa kipande cha ardhi ngumu nyuma ya nyumba yao, kati yao na jirani, upana wake hatua kumi za mtoto. Lakini hakuna jani lililothubutu kulala pale. Hapo ndipo yeye na rafiki yake waliporuka kamba mpaka jua likachoka.

Jina la Siafu alipewa na watu wa mtaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ukimkanyaga, hata kwa bahati mbaya, aliuma kwanza, ndipo akauliza umekanyaga nini. Hasira hiyo hakuiokota njiani. Aliishi na baba yake, fundi baiskeli, mwanamume ambaye hata spana ikimponyoka mkononi huitukana kama mtu.

Rafiki yake aliitwa Tuli, na alikuwa mtulivu kweli. Mama yake Tuli ndiye huyo jirani, mshonaji wa sare za shule. Mwaka uliopita mshonaji alijenga chumba cha cherehani pembeni mwa uwanja, chumba cha tofali chenye dirisha moja. Tangu siku hiyo fundi baiskeli hakuwa na raha. Mvua ikinyesha, maji ya bati la chumba hicho yalitiririka hadi stoo yake na kulowesha rimu. Salamu zao zikawa fupi kama mkia wa mbuzi.

Alhamisi moja alikuja mpima ardhi, mwanamke mrefu mwenye buti za vumbi. Serikali ilitaka ramani mpya ya mtaa mzima, ili kila mwenye nyumba apate hati yake. Mpima alitandika katikati ya uwanja kitambaa cha turubai chenye miraba minne, miwili myeusi na miwili myeupe. Akakipigilia misumari kwenye pembe. Kisha akasimamisha juu yake fimbo ndefu yenye kichwa cheupe kama uyoga, ikalia *pii*, naye akaandika namba ya mahali pale kwenye daftari.

Watoto walikuwa wamejaa tayari. Mmoja akauliza, "Mama, na hilo sanduku lina nini?"

Mpima akafungua, akawaonyesha droni. "Haya, kitendawili. Nina nyuki wangu, haumi wala hatoi asali, lakini akiruka juu ya nyumba yako anajua umeanika nini."

"Droni!" wakapiga kelele.

"Mmekitegua mara moja. Leo upepo ni mkali, itaruka kesho asubuhi. Kitambaa hiki mtu asikiguse. Mmenisikia?"

"Ndiyooo!"

Akafunga sanduku, akaondoka mbio kwenda nyumba nyingine. Alikuwa na vitambaa vingine saba vya kutandika kabla ya jua kuzama.

Siafu alibaki amekitazama kitambaa kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani mwake. Jumamosi walikuwa na mashindano ya kamba na wasichana wa mtaa wa pili, na siku za mazoezi zilikuwa mbili tu.

"Mitaa yote hii, wakaona uwanja wangu tu!" alifoka.

"Ni siku moja," Tuli akasema.

"Kwako ni moja. Mimi ndiye ninayefagia." Akainama, akaanza kung'oa misumari.

"Siafu, amesema kisiguswe!"

"Droni inataka kukiona, sivyo? Basi itakiona. Sikifichi, nakisogeza."

Akahesabu hatua tano kuelekea kwa kina Tuli, akakitandika chini ya ukuta wa chumba cha cherehani. Alikipigilia vizuri kabisa, pembe zote nne zimenyooka. Kisha wakaruka kamba.

Asubuhi nyuki alipanda juu, akavuma, akaenda na kurudi kwa mistari kama mtu anayelima matuta. Mpima alikusanya vitambaa vyake, akaaga. Jumamosi Siafu na Tuli walishinda mashindano, na habari ya kitambaa ikasahaulika.

Nami nikutegee kimoja hapa. Ukikitema mapema ni kidogo kama punje, ukikikalia kinakua mpaka hakipiti mlangoni. Ni nini? Soma tu, utakipata.

Baada ya wiki tatu ramani ya majaribio ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwenyekiti, kila mtu aangalie na mwenye lalamiko aseme. Ilikuwa picha kubwa ya mtaa kutoka juu, mabati yote yakionekana, na juu yake mistari myekundu ya mipaka kufuatana na yale mawe ya mpaka ya zamani. Fundi baiskeli alikwenda kuangalia. Alirudi anakimbia.

"Jirani! Toka nje! Toka usome kwa macho yako!"

Mshonaji akatoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kusoma ramani sijui. Kelele ndizo ninazozisoma. Kuna nini?"

"Chumba chako kimevuka mpaka! Hatua tatu nzima zimo ndani ya ardhi yangu! Siku zote nilijua!"

"Nilipojenga uliona jiwe la mpaka, ulisimama hapo hapo mikono kiunoni. Leo limehama?"

"Droni imeona! Nyuki hana jirani, hana shemeji, hadanganyi!"

"Na wewe, baiskeli zote ulizotengeneza zinavuta kushoto, leo wewe ndiye wa kunifundisha mstari ulionyooka?"

Watu walikuwa wamekusanyika, wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Fundi baiskeli aliingia stoo akatoka na nyundo kubwa. Kabla mtu hajamshika, alikuwa ameupiga ukuta wa chumba cha cherehani. Tofali la kwanza likaanguka, la pili, la tatu. La sita lilipoanguka, vumbi lilijaa ndani na kufunika sare mpya zilizokunjwa mezani.

Mshonaji hakulia. Alisimama mbele ya tundu, mikono ameitandaza. "Piga sasa. Piga nikiwa hapa."

Mwenyekiti wa mtaa alifika akihema, akaikamata nyundo. "Ijumaa mpima anarudi kusikiliza malalamiko. Kama ramani ni sahihi, chumba kitabomolewa kwa utaratibu. Kama si sahihi, fundi, utawajibika kwa nyundo yako. Mpaka siku hiyo, mtu asiguse tofali!"

Jioni ile fundi baiskeli alikula kwa furaha ya hasira, ile furaha mbaya. "Tutapanua stoo, mwanangu. Ataenda kushonea barazani."

Siafu alisukuma sahani kando, akainuka.

Kesho yake alipita ofisini kwa mwenyekiti. Alitafuta bati lao kwenye picha, akalipata. Halafu akaona jambo ambalo baba yake hakuliona, maana mwenye hasira huangalia upande mmoja tu. Kule mbele, karakana yao ya baiskeli ilikuwa imesimama barabarani! Mstari mwekundu uliikata nusu. Ilikuwa kana kwamba mtu ameikamata picha kwa pindo akaivuta, nyumba zote zikateleza upande mmoja. Na pale chini ya ukuta wa chumba cha cherehani, kidogo kama ukucha, kilikuwepo kitambaa. Nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Kimenyooka vizuri.

Siafu akakifunika kwa kidole.

"Umekiona?" Ilikuwa sauti ya Tuli nyuma yake. Siafu hakuwahi kumwona Tuli akiwa na uso ule. "Mimi nilikiona jana."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani ataniamini? Watasema ninamtetea mama. Atakayeaminika ni wewe, maana chumba kikivunjwa, wewe unapata stoo."

"Baba ataniua."

"Na mama yangu atashonea wapi?" Tuli alipandisha sauti. "Usiku anafunga lile tundu kwa gunia. Wewe unaogopa kugombezwa! Miaka yote naambiwa nina rafiki mkali, haogopi mtu. Mkali gani wewe? Unawauma wasio na kosa tu!"

Akaondoka. Siafu alitaka kumrushia neno kali. Lakini kila neno la Tuli lilikuwa la kweli. Akajikasirikia yeye mwenyewe, na hasira ya namna hiyo haina pa kukimbilia.

Ijumaa watu walijaa uwanjani. Mpima alikunjua ramani juu ya meza ya kukatia ya mshonaji. Fundi baiskeli alikuwa wa kwanza.

"Mimi sina maneno mengi. Ramani imesema. Nataka tarehe ya kubomoa."

"Ramani hiyo imekosewa," Siafu akasema.

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Imekosewa, baba. Mimi ndiye niliyeikosea."

Siafu aliongea haraka, kabla woga haujamfikia. "Kile kitambaa nilikihamisha. Kilikuwa hapa, katikati. Nilikipeleka pale ukutani, hatua tano, ili turuke kamba. Tuli alinikataza, sikumsikia."

"Unajua unachosema wewe?" Mishipa ilikuwa imemtoka baba yake shingoni. "Nani amekufundisha uongo huo? Ni hawa? Rudi nyumbani!"

"Nyumbani wapi? Kwenye hiyo ramani karakana yetu iko katikati ya barabara! Angalia na huku mbele, baba! Kama haki ni chumba chao kubomolewa, basi na karakana yetu ibomolewe, maana nyuki hadanganyi!"

Mpima alikuwa ameinamia ramani. Aliinua uso, nao haukuwa uso wa mtu anayetabasamu. Akachukua fimbo yake ya kichwa cheupe, akafungua daftari, akatembea polepole akitafuta namba aliyoiandika ile Alhamisi. Fimbo ikalia *pii*. Ilikuwa katikati ya uwanja, pale pale Siafu alipoonyesha. Kutoka hapo hadi ukutani akapima kwa futi ya mshonaji. Mita tatu.

"Njoo hapa, mtoto," alisema. "Ulidhani kitambaa ni cha nini?"

"Cha kuiambia droni ipige picha hapa."

"Sivyo. Picha ya droni ni kama shuka linaloelea juu. Mimi nalishikiza ardhini kwa misumari minane, na kila kitambaa ni msumari ambao nimeupima. Wewe umeuhamisha mmoja, shuka lote la upande huu likavutika. Nyumba arobaini! Arobaini, zimekaa mahali zisipokuwepo!" Alivuta pumzi. "Na mimi nina kosa langu. Kitambaa kikilala usiku mmoja, asubuhi kinapimwa tena. Nilikiona kimenyooka, nikakipita. Baadaye hesabu zilinionyesha kwamba kitambaa hiki kinagombana na wenzake, nikasema ni jambo dogo, nikabandika ramani. Niliwaambia msiguse, sikuwaambia kwa nini. Hilo nitaliandika kwenye ripoti, kwa jina langu."

Mwenyekiti akaichukua ramani pale mezani, akaikunja. "Imefutwa. Droni itaruka upya Jumatatu. Na wewe, Siafu, nyumba hizo arobaini utazipitia mwenyewe, uwaambie ramani si sahihi na kwa nini."

Alizipitia. Nyumba ya kwanza walimfokea. Ya tano mzee mmoja alimwambia hakulala siku nne, akidhani choo chake kiko kwa mwenzake. Ya kumi na tisa walimcheka, na kicheko kiliuma kuliko kufokewa. Kufika ya thelathini, sauti yake ilikuwa imekauka, lakini maneno yalikuwa yamenyooka, bila "nilidhani" wala "kwa bahati mbaya": "Nilikihamisha, nikanyamaza." Na jibu la kitendawili changu ukawa umelipata. Ni kosa.

Baba yake hakusema naye siku ile yote. Kesho yake alfajiri alimwamsha kwa kugonga mlango. "Lete ndoo," alisema.

Walikwenda kwa mshonaji. Fundi baiskeli alikuwa na saruji, mchanga na matofali sita.

"Jirani," alianza, akamtazama kwa shida. "Nyundo ile... ilikuwa ya kijinga."

"Nyundo haina akili, fundi. Aliyeishika ndiye ninayemdai neno."

"Aliyeishika amekosa. Nisamehe."

"Nimesikia. Hasira bado ninayo, usidhani imekwisha. Anza kazi."

Siafu alipanga, baba yake akapiga saruji. Mshonaji alikuwa ndani akifua sare zilizojaa vumbi, Tuli akimsuuzia. Mara kwa mara mshonaji alichungulia kwenye tundu. Tofali la nne alilikazia macho.

"Hilo limepinda. Toa."

Siafu akalitoa, akalipanga upya. Mshonaji akafuta mikono, akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Nikuambie kitu cha kazi yangu. Mimi nami hukosea. Mkasi unateleza, kitambaa cha mtu kinakatika vibaya. Siku hiyo hiyo namwendea mwenye kitambaa, namwambia. Anafoka, ananiita majina, lakini hasira yake ni ya kipande kimoja. Ningekaa kimya nikashonea kosa ndani, nikapiga pasi, nikafunga vifungo, siku akigundua ninapoteza nguo nzima. Tena na mteja. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Ungekuja kwangu Alhamisi ile, ningekufokea mpaka masikio yawashe, na kitambaa kingerudi mahali pake jioni hiyo hiyo. Ukweli haukuepushii hasira za watu, mwanangu. Unazipunguza tu, zikiwa bado zinabebeka. Na mtu akiwa na hasira kama baba yako na mimi, apime kwanza mara mbili ndipo ainue mkono." Akamgeukia fundi baiskeli. "Umesikia na wewe?"

"Nimesikia," fundi akanung'unika.

Tuli akatoka na kata ya maji, akampa Siafu bila kumtazama. Siafu akanywa, akarudisha kata.

"Asante."

"Matofali mawili bado," Tuli akajibu, akachutama kando yake, akamsogezea moja.